Fundi Aliyesema "Bado"

Majani chai hayangoji. Yakishachumwa huanza kunyauka papo hapo, na ukiyashindilia guniani hujipika yenyewe kwa joto lake mpaka yanakuwa mekundu kama matofali. Ndiyo sababu hapa Mogogosiek, upande huu wa Bomet unaopakana na Kericho, mtu anayepeleka majani kituoni husalimu akitembea. Siku pikapu yetu ilipozima kwenye kilima, hatua kama mia mbili kabla ya kituo, nyuma kulikuwa na magunia ya nyumba nne, karani alikuwa amekwisha kuwasha mizani, na wingu la saa tisa alasiri lilikuwa limelalia msitu wa Mau kama ada yake. Nikapiga stata. Injini ilizunguka kwa nguvu zote, betri haina neno, lakini haikushika. Nikapiga tena. Ilikuwa kama kumwamkia mtu anayekutazama usoni asiitikie.

Magunia yalifika kituoni kwa mabega ya vijana. Gari lilivutwa nyumbani kwa trekta, mvua ikitunyeshea sote. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua wiki tano na mafundi wanne.

Mimi nililelewa na gari lisilo na siri. Baba alikuwa na pikapu ya Peugeot 504, gari ambalo Wakenya wa rika langu hulikumbuka kama wanavyomkumbuka mwalimu wao wa darasa la kwanza. Jina la 504 lilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa usukani, na tena mwaka 1978, safari hiyo likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas, na sisi watoto tuliuhesabu ushindi huo kuwa wa ukoo wetu. Gari likikataa kuwaka, baba alikuwa na maswali matatu tu: mafuta yanafika? moto upo? hewa inapita? Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari anayemsikiliza mtoto mwenye kikohozi. Kabureta aliifungua uani juu ya gunia, na kila kipande kilichotoka kilikuwa na kazi inayoonekana kwa macho. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Hakunifundisha kitu, na bado nilijifunza.

Pikapu yangu ni ya dizeli, na ni ya zama nyingine. Nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, kuna kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo cha kanisani. Hicho ndicho kompyuta ya injini. Haioni injini wala haiigusi. Inaletewa habari na waya: krenkishafti imefika wapi katika mzunguko wake, maji yana joto gani, hewa kiasi gani inaingia, mafuta yamo kwenye bomba kwa shinikizo gani. Kwa habari hizo inaamua kila injekta ifunguke lini na kwa muda gani, na muda wenyewe hupimwa kwa sehemu za elfu moja za sekunde, huku dizeli ikisubiri kwa shinikizo linalolizidi la tairi mara mamia. Hata ile kauli yetu ya kukanyaga mafuta imepitwa na wakati. Hukanyagi mafuta siku hizi. Unatuma ombi, na kisanduku kinalifikiria.

Mfumo huu wa dizeli kusubiri bombani kwa shinikizo ulianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1990. Kampuni ya Denso iliuweka kwenye lori la Hino mwaka 1995, na Bosch ikafuata mwaka 1997 kwenye gari la Alfa Romeo 156. Faida zake hazina ubishi: moshi mdogo, mafuta machache, nguvu zaidi mlimani. Lakini bisibisi ya baba haina cha kusikiliza ndani ya kisanduku kile. Kikiugua hakikohoi wala hakigongi.

Fundi wa kwanza alisikiliza stata mara mbili, akafunga boneti, akatoa hukumu: "Kompyuta imekufa, Mwalimu. Leta pesa nikutafutie nyingine." Nilipouliza bei nikaona ndama wangu mzima akitembea kuondoka bomani. Nikamshukuru, nikamwambia nitafikiria. Sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa nangoja bonasi ya Oktoba.

Wa pili alisema ni pampu. Akaifungua, akaisafisha, akaifunga, na gari likabaki lilivyokuwa.

Wa tatu alikuja na mashine ya kusomea magari, akaichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ile ambayo sheria ya Marekani ililazimisha kila gari dogo jipya linalouzwa huko liwe nayo kuanzia mwaka 1996 na ambayo dunia nzima imeirithi. Kioo kikaandika P0335. Akashangilia. Namba hiyo inahusu sensa ya krenkishafti. Mafundi wetu huiita sensa, na mara ya kwanza kulisikia neno hilo gereji nilifikiria makarani wa serikali wakigonga milango usiku kuhesabu watu. Sasa naona halikukosea njia. Sensa ya gari nayo ni karani: inahesabu meno ya gurudumu yanayopita mbele yake na kupeleka hesabu makao makuu. Fundi akanunua karani mpya. Gari likawaka! Tukapeana mikono, nikalipa. Siku ya tatu, asubuhi baada ya mvua kubwa, likakataa tena, na mashine ikaandika P0335 ile ile.

Baadaye ndipo nilipoelewa kosa lake. Namba ile haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema njia nzima ya sensa ina tatizo, na njia ina vituo vitatu: sensa yenyewe, waya zinazobeba habari, na kompyuta inayozipokea. Mashine ilikuwa imetaja barabara. Fundi akamkamata mtu wa kwanza aliyemkuta barabarani.

Fundi wa nne ni kijana wa makamo ya wanafunzi wangu wa zamani, japo si mmoja wao. Alifika na mita ndogo ya umeme na daftari la shule. Nilimsimulia yote, kisha nikamuuliza, kama nilivyowauliza wenzake, "Sasa fundi, ni nini?"

"Sijui bado, Mwalimu."

Akaketi kwenye kreti ya soda akaanza kuniuliza maswali. Ilizima saa ngapi? Mvua ilikuwa imenyesha? Ilipowaka, jua lilikuwa limeliwakia kwa muda gani? Kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa? Na kabla haijazima kabisa, ilikuwa inaendaje? Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelipuuza. Kwa wiki mbili kabla ya siku ile pikapu ilikuwa imepoteza nguvu. Inapanda mlima kwa kujikokota, ukiikanyaga haiongezi kitu, taa ya njano ya injini inawaka kwenye dashibodi. Niliitukana kwa uvivu.

"Haikuwa uvivu," akasema. "Ilikuwa na shaka."

Akanieleza. Kompyuta ikipokea habari zisizoeleweka, kwa mfano karani mmoja akisema injini inachemka na mwenzake akisema ni baridi, haiendelei kama kwamba mambo ni shwari. Inashika makadirio ya kusaidia, inapunguza nguvu, inawasha taa, na kukuacha ufike nyumbani polepole. Waliouunda mfumo huo walijua kwamba siku moja utakosa uhakika, wakaufundisha namna ya kukosa uhakika bila kuua injini. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hiki kilikuwa kimeundwa hata jinsi ya kuchechemea.

Nililala na neno hilo. Kisanduku cha bati kikiwa na shaka kinapunguza mwendo. Mafundi wangu watatu walipokuwa na shaka waliongeza mwendo, na kila mmoja aliniandikia risiti. Nami ni wa kundi lao. Nimesimama mbele ya ubao miaka ishirini na tisa, na sikumbuki ni mara ngapi nimewaambia wanafunzi "sijui bado". Tuliambiwa chuoni kwamba mwalimu akionyesha shaka darasa humponyoka.

Kuna mtoto mmoja. Nilimwandikia kwenye ripoti ya muhula wa kwanza kwamba hana bidii, na kwenye chumba cha walimu nilitumia maneno mabaya zaidi: kichwa chake hakishiki. Alikaa nyuma, alinakili hesabu kutoka ubaoni zikiwa na makosa, nane ikawa tatu, saba ikawa moja. Muhula wa pili mabati yalianza kuvuja juu ya dawati lake, nikamhamishia mbele ili asilowe. Makosa yakapungua mno. Mtoto alikuwa haoni mbali. Habari ziliharibika njiani kabla ya kufika kichwani, na mimi nilikuwa nimekihukumu kichwa. Watu huniambia nilifanya vema kumsogeza mbele. Ni mvua iliyomsogeza.

Kwa hiyo nilipomwona kijana huyu akipima waya mmoja baada ya mwingine, sikumharakisha. Alianza na ethi, zile waya zinazorudisha umeme kwenye bodi ya gari, kwa sababu, alisema, kompyuta yenye ethi mbovu ni kama mtu anayepima urefu wa mlingoti akiwa amesimama kwenye matope. Akapima volti tano. Kompyuta huwapa makarani wake wengi umeme wa volti tano kutoka chanzo kimoja, na mmoja akipiga shoti, huwavuta wote chini. Utasoma makosa manne kwenye mashine na mkosaji ni mmoja. Akachomoa plagi moja moja, akiandika. Volti zilikuwa sawa. Akapima waya wa krenkishafti kutoka mwisho hadi mwisho: mzima. Habari ya karani ilikuwa ikifika mpaka kwenye mlango wa kisanduku, safi, kila jino limehesabiwa. Ndani ya mlango ikapotea.

Ilikuwa siku ya pili, karibu na magharibi, alipofunga daftari na kusema, "Sasa najua. Ni kompyuta."

Nilicheka kwa uchungu. Fundi wa kwanza alikuwa amesema hivyo hivyo wiki nne nyuma, bila hata kufungua kisanduku cha vifaa! Si alikuwa kweli?

Kijana hakubisha. Alichomoa kisanduku, akafungua skrubu zake, akanionyesha. Kwenye kona moja ya bodi ile ya kijani palikuwa na kijani cha pili, kijani cha shaba iliyooza, na alama ya maji iliyochora mstari kama ule unaoachwa na mto uliofurika. Kisha akanishika mkono, akauingiza nyuma ya dashibodi. Zulia lilikuwa bichi. Kioo cha mbele, kilichowekwa upya baada ya jiwe kukipasua, hakikuwa kimegandishwa vizuri pembeni, na kila alasiri tone moja moja lilikuwa linateremka nyuma ya dashibodi na kutua juu ya kisanduku. "Ungemsikiliza yule wa kwanza," akasema, "ungekuwa umeua kompyuta mbili."

Tangu siku hiyo nimeacha kuheshimu jibu sahihi lisilo na njia. Kubahatisha ukapatia ni hasara iliyoahirishwa. Na ilinichoma kidogo kuona aliyekiua kisanduku ni nani: mvua. Mvua ile ile ya alasiri inayotupa majani mwaka mzima, tunayoiombea kanisani ikichelewa wiki mbili.

Kisanduku kingine kilipatikana Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, mahali ambapo wazee bado wanapaita Grogan, kikiwa kimetolewa kwenye gari lililogongwa. Namba ya kwenye lebo ililingana na ya kwetu, herufi kwa herufi. Tukakichomeka. Stata ikazunguka, kisha kimya. Taa ndogo ya ufunguo ikapepesa kwenye dashibodi. Mgeni hakuutambua ufunguo wetu. Alikuwa na ufunguo wake kichwani, wa gari ambalo sasa ni vyuma chakavu, na kijana alipomsoma kwa mashine alikuta ameweka kumbukumbu ya kosa ambalo pikapu yetu haijawahi kulitenda. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa. Gari zima limekatwakatwa na kuuzwa vipande, na bado kuna kisanduku kinachokumbuka lilivyougua.

Dawa yake ni upasuaji. Ndani ya visanduku vya aina hii kuna chipu ya kumbukumbu yenye miguu minane, ndogo kuliko punje ya mahindi. Humo mmeandikwa ufunguo unaoruhusiwa. Humo pia, katika gari letu, mmeandikwa namba za injekta zote nne, kwa kuwa kila injekta hutoka kiwandani na namba yake: hakuna matundu mawili yanayofanana kabisa, na kompyuta lazima ijue kila moja lina upungufu gani ili iufidie. Kijana alivipeleka visanduku vyote viwili Kericho mjini, kwa mtu mwenye darubini na hewa ya moto ya kulehemu. Chipu ya kisanduku chetu kilichooza ilikuwa kona isiyofikiwa na maji. Ikang'olewa, ikapandwa kwenye kisanduku cha mgeni.

Wazee wa Kipsigis walikuwa na desturi mtoto anapozaliwa. Waliita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, wakisubiri mtoto apige chafya. Jina lililoitwa alipopiga chafya ndilo lililojulikana kuwa limerudi, na mtoto akawa wa watu. Sikuwa nikiifikiria desturi hiyo nilipozungusha ufunguo asubuhi ile. Nilikuwa nafikiria pesa. Lakini stata ilipozunguka mara mbili injini ikapiga chafya, kweli chafya, pafu moja la moshi mweupe, kisha ikatulia na kunguruma. Mke wangu aliyekuwa mlangoni akasema, "Kongoi," asante yetu, taratibu, kama asemavyo mtoto wa mtu akizaliwa salama.

Ni ipi sasa kompyuta yetu? Bodi ni ya gari la mtu aliyeko mbali, kumbukumbu ni zetu. Nimeliacha swali hilo hapo. Ninachojua ni kwamba ujuzi wa kumfungua mgeni kinywa haukuja na gari. Watengenezaji waliufungia ofisini kwao, kwenye programu za kulipia, na kuna mahali ambako wananchi wamelazimika kuudai kwa sheria, kama jimbo la Massachusetts, Marekani, lilivyofanya mwaka 2012. Kwetu uliingia kwa mlango wa nyuma: vijana wenye mita za bei nafuu, wakiuliziana kwa simu usiku, wakiharibu visanduku vichache ili wajifunze vingi. Baba alijifunza kwa kusikia. Hawa wanajifunza kwa kupima na kuandika, na tochi ni ile ile.

Tunahitaji watu wa namna hiyo, maana visanduku vinazidi kuwa vingi. Majani yetu hupimwa kwa mizani ya elektroniki inayotema karatasi, na bei yake huamuliwa Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na watu wasiowahi kuliona shamba langu. Wanaletewa habari, nao wanaamua. Na habari hupotoshwa. Mwaka 2015 dunia iligundua kwamba Volkswagen ilizifundisha kompyuta zake kutambua zinapopimwa moshi, zikajifanya safi mbele ya mkaguzi na kurudia uchafu barabarani. Magari yapatayo milioni 11 yalihusika. Hakuna kisanduku kilichojifunza uongo peke yake. Aliyekiandika ndiye aliyedanganya, na waliomfumania walikuwa watu waliobeba vyombo vyao wenyewe garini, wakapima moshi barabarani badala ya kuamini karatasi.

Pikapu ilikuwa inanguruma uani. Nilitoa pochi.

"Bado, Mwalimu," kijana akasema.

"Bado nini tena? Si inawaka?"

"Mvua haijanyesha."

Alikuwa amekigandisha upya kioo cha mbele, akakausha zulia kwa jua la siku mbili, akakiinua kisanduku kwa mabano mafupi ya chuma yaliyokatwa na fundi wa milango hapa sokoni. Lakini hayo yote, alisema, ni mambo aliyoyafanya. Kama yamefaulu hajui. Basi tukaketi. Mke wangu akaleta chai ya maziwa kwenye chupa, tukanywa tukitazama wanawake wakishuka na magunia kuelekea kituoni. Saa tisa na robo mvua ikaja, na mawe ndani yake, ikapiga mabati mpaka tukaacha kusikilizana. Ilipiga kwa nusu saa.

Ilipokatika aliingia upande wa abiria, akashusha droo, akapenyeza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Akapapasa muda mrefu. Akautoa, akautazama, kisha akaubandika kiganja chote kwenye ukurasa mtupu wa daftari lake na kuiinua karatasi kwenye mwanga.

Akaandika tarehe. Akaandika saa. Chini yake akaandika neno moja, "kavu". Ndipo akataja bei.